Maji ya Masingila

Nyinyi mnaoingia kazini sasa mna simu zinazojua kimo cha mto kabla mto wenyewe haujajua. Siwaonei wivu. Haya, nawaonea kidogo. Lakini nikiwaona mmesimama ukingoni, shingo zimeinamia kioo, na mto unapita mbele ya pua zenu ukijieleza kwa sauti yake yote, natamani kuwagonga begani niwaulize kama mmeshausalimia.

Nilikuwa mpima maji Tukuyu katika miaka ile ya ruksa, soko lilipofunguliwa na kila kitu kikaanza kupatikana dukani isipokuwa mabuti ya saizi yangu. Ofisi ilikuwa imeagiza mabuti ya mpira ya kiume tu, maana aliyeagiza hakufikiri kama mwanamke angeingia mtoni kwa mshahara. Niliyajaza vitambaa mbele. Nikitembea, mabuti yalitangulia, mimi nikafuata. Vijijini waliniita Fundi Maji nikiwepo, na nikishaondoka waliniita Mama Mabuti, wakidhani sisikii.

Kazi yenyewe mnaijua kwa jina: kupanga maji ya mazingira. Mto una watu wanaouchota, una mifereji, una mashamba, na kila mmoja ana haki yake. Sasa mto wenyewe ubakiwe na kiasi gani ili uendelee kuitwa mto? Samaki wapate pa kuzaa, kaa wapate pa kujificha, magimbi ya ukingoni yasikauke, na mtu anayeishi mwisho kabisa wa bonde naye achote ndoo yake. Tena si kwa msimu mmoja. Mwaka wa mvua ubakiwe na kiasi hiki, mwaka wa kawaida kiasi kile, mwaka wa ukame kiasi kile kingine, mpaka wajukuu waje waukute. Ukiieleza kazi hiyo ofisini, watu wanatikisa vichwa na kuagiza chai. Kuieleza kwenye mfereji ni habari nyingine.

Mkuu wangu alikuwa mhandisi, Bwana Kheri, mtu wa Pangani, mwembamba, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka hadi ukaona haya kufungua mdomo mbele yake. Alifika Tukuyu wakati wa mvua. Alifua shati Jumatatu, na lilipofika Ijumaa bado lilikuwa linadondosha.

"Fundi," akaniambia akiwa amevaa koti la kuazima, "nimeletwa kugawa maji mahali ambapo shati halikauki?"

"Subiri Oktoba, Mhandisi."

"Oktoba kuna nini?"

"Oktoba utatamani ulikamue hilo shati tuuongezee mto."

Hakuniamini, na simlaumu. Nani angeamini mto kukauka Rungwe, nchi ya ukungu, ambako migomba hujipanda yenyewe ukigeuza kisogo? Lakini udongo wetu ni majivu ya milima ya moto. Unakunywa. Na mto wetu, Lusalala, unaoshuka kutoka upande wa Lufingo, haukuwa mto wa kujivunia hata siku zake nzuri. Ulikuwa kijito chenye heshima zake. Kisha bei ya kahawa ikaachiwa soko, ikapanda kidogo, ikashuka sana, na watu wengi wakang'oa mibuni wakapanda kabichi na nyanya za kiangazi, za kupakiwa kwenye malori ya Mbeya na Dar es Salaam. Zamani pampu ya maji ilikuwa kitu cha shamba la serikali, kinalindwa na mlinzi. Sasa ilikaa dukani kando ya sabuni. Katika kila kona ya Lusalala pakaota mdomo unaokunywa.

Hapa niwape kitu cha kuondoka nacho, maana najua mnasikiliza huku mnasoma ujumbe. Kabla hamjaweka chombo chochote majini, tazameni mawe. Jiwe la mtoni lina mstari. Chini ya mstari ni kijani na linateleza kama limepakwa samli, juu ya mstari ni kavu, rangi ya majivu. Mstari huo umechorwa na mto wenyewe kwa miaka mingi, unasema: hapa ndipo ninapofika nikiwa na njaa. Siku mtakapokuta kijani kile kimekauka na kupauka kama karatasi, mjue mto umeshushwa chini ya njaa yake, na aliyeushusha si jua. Kisha ligeuzeni jiwe. Chini yake wanaishi wadudu wadogo walioshika kwa miguu yote. Msipowakuta, msiandike kwamba wamehama. Hawana pa kuhamia.

Chombo chetu cha kupimia mwendo wa maji kilikuwa kimoja, nacho kilipenda kwenda matengenezo Mbeya kuliko kwenda mtoni. Kikiwa safarini tulitumia chungwa. Chungwa huzama karibu lote, upepo haulishiki, linasafiri kwa mwendo wa maji yenyewe. Unapima umbali, unatazama saa, unapata jibu. Tatizo la njia hii lilikuwa Bwana Kheri.

"Fundi, chungwa la pili liko wapi?"

"Umelimenya, Mhandisi."

"Ah." Akatazama maganda mkononi. "Basi tumalizie na hili, tupime kesho."

Sasa, ili muelewe yaliyotokea kwenye mfereji wa juu, lazima niwaambie habari za baba mkwe wangu.

Niliolewa kwa watu wa Lufingo, na baba mkwe wangu alikuwa mtu wa kushika mila kwa mikono miwili. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Akimwona anakuja, anaacha njia, anainama pembeni na kutazama kwingine mpaka mzee apite. Hasemi naye. Hamtaji jina. Si uadui, ni heshima, na heshima ile huwa ina miiba na tope. Wasichana wa mjini walikuwa wameshaanza kuifupisha: wanageuza shingo kidogo, wanaendelea na safari. Mimi sikuthubutu. Kofia yake niliijua kutoka mlima wa pili.

Siku moja tulikuwa tunashuka kwenye njia nyembamba katikati ya migomba, mimi mbele nimebeba chombo begani, Bwana Kheri nyuma. Kona moja, kofia hiyo! Niliruka. Niliruka na mabuti, na chombo, na ufito wa kupimia, nikatua kwenye mtaro nikafunika uso kwa kanga.

"Nyoka!" akapiga kelele Bwana Kheri, na nikasikia miguu yake ikirudi mlimani.

Baba mkwe akaja kwa hatua zake za taratibu. Bwana Kheri, ambaye adabu zake zilikuwa na nguvu kuliko woga wake, akarudi. "Shikamoo mzee. Uangalie, kuna nyoka hapo, amemwangusha fundi wangu."

"Marahaba," akasema mzee. "Hakuna nyoka. Ni mimi."

Akapita. Baada ya muda kichwa cha Bwana Kheri kikachungulia mtaroni.

"Fundi, chombo kimepona?"

"Kimepona. Na mimi nimepona, ahsante kwa kuniuliza."

Mwisho kabisa wa Lusalala, pale mto unapotandaza kokoto na kuwa kivuko cha kuruka kwa hatua chache, aliishi mjane mmoja, Mama Subilaga. Umri wa mama yangu, ulimi wa upanga. Alikuwa na shamba la magimbi kando ya maji, na mumewe alizikwa nyuma ya nyumba kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe. Kiangazi cha mwaka uliotangulia mto ulikatika kabla ya kumfikia. Mwaka ule ukakatika tena, mapema zaidi. Magimbi yalilala chini kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Maji ya kunywa aliyafuata mlima mzima, ndoo kichwani. Mwanawe Gwamaka, aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba Mbeya, akamwambia imetosha. Angekuja na pikapu Jumamosi, amchukue na kitanda chake.

Tulimkuta akichuma majani makavu kwenye magimbi, kazi isiyo na maana, na alijua hivyo.

"Mbeya sikutaki," alituambia. "Nitakaa sebuleni nikitazama televisheni kama mgonjwa. Na huyu nyuma ya nyumba nimwachie nani? Lakini kijana ana haki. Shingo yangu haibebi tena mlima. Maji yakija, nabaki. Yasipokuja, naondoka, nyumba itaanguka."

Bwana Kheri akachuchumaa mbele yake. Alikuwa na moyo mzuri, na moyo mzuri ukikutana na mpango wa miaka mingi huwa mrefu wa maneno. Akamweleza kwamba kutakuwa na makubaliano, kutakuwa na vipimo vya misimu, mto utarudishiwa hali yake hatua kwa hatua.

"Baba," akasema Mama Subilaga, "mpango wako ni wa miaka mingapi?"

"Mingi, mama. Tunatazama mbali sana."

"Ndaga fijo. Asante sana. Mimi nina mpaka Jumamosi."

Tulipanda mlima. Karibu na juu Bwana Kheri akasimama kupumua. "Jumamosi haimo kwenye mpango, Fundi."

"Basi iweke."

Ndiyo maana mkutano wa mfereji wa juu ulifanyika Jumatano ile badala ya kungoja mwezi ujao. Mfereji wa juu ndio uliokunywa zaidi, na mwenyekiti wake alikuwa Asajile, mkulima wa kabichi, mcheshi, mwenye pampu mpya aliyoipa jina la mke wa kwanza kwa sababu, alisema, nayo ilikuwa haikubali kuzimwa. Tulikutana penye banio lenyewe, yaani pale mfereji unapochomoka mtoni kwa mawe na magunia ya udongo. Tulikuwa tumezunguka vijiji kwa muda mrefu tukisema ni lazima libaki fungu la maji ya mazingira. Watu walikuwa wakitusikiliza kwa upole na ukimya ambao, kama ningekuwa na akili, ungenitia wasiwasi. Mnyakyusa anayekubaliana nawe hubisha.

Asajile akasimama, akavua kofia.

"Mhandisi, tumekusikia. Hatuna ugomvi na serikali. Swali letu ni moja tu. Huyu Masingila ni nani?"

Bwana Kheri akanitazama. Nikamtazama Asajile. "Masingila?"

"Huyo mwenye fungu. Kila mnapokuja ni maji ya Masingila, maji ya Masingila."

Wanangu, mmenielewa haraka kuliko Bwana Kheri. Katika vinywa vya kwetu z hugeuka s, na r hugeuka l, na hakuna aliyewahi kufa kwa hilo. Neno limetoka ofisini likiwa mazingira, limepanda mlima, limefika juu likiwa jina kamili la mtu. Na kumbukeni miaka yenyewe. Mashamba yalikuwa yakiuzwa, viwanda vikiuzwa, kila siku unasikia mahali fulani pamechukuliwa na mwekezaji ambaye hakuna aliyemwona uso. Kwa nini mto usiuzwe?

"Jina la huko Iringa hilo," akasema mtu nyuma.

"Ndiye aliyenunua shamba la chai?"

"Tajiri gani huyo? Hata msibani hatujamwona!"

Hilo likawakasirisha kweli. Mtu kuchukua maji ni jambo moja. Kuchukua maji na kutokanyaga misibani ni unyama.

"Jamani, mazingira si mtu," akasema Bwana Kheri kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi. "Mazingira ni vitu vyote vinavyotuzunguka."

Asajile akageuka taratibu, akatazama kulia, akatazama kushoto. "Vinavyotuzunguka hapa ni ukungu. Ukungu nao umeomba mfereji?"

Walicheka hadi mbwa wakabweka. Bwana Kheri akajaribu samaki, akajaribu wadudu wa chini ya mawe, akajaribu kaa. "Kaa wa Masingila!" akasema mtu, na basi, kila alichotaja kikawa mali ya Masingila. Nikasimama kumwokoa. Nikaanza na mstari kwenye mawe, nikauonyesha kwa mkono kabisa, na nilikuwa nimeshawashika kidogo nilipoona wanawake wanaziba midomo. Nikageuka. Kofia.

Baba mkwe alikuwa mwanachama wa mfereji ule, na mzee haulizwi kwa nini amechelewa. Nilijikuta nyuma ya migomba kabla akili haijaniambia niende wapi.

Minong'ono ikazagaa. "Si nyoka," nikamsikia Bwana Kheri akiwatuliza watu kwa sauti ya mtaalamu.

"Naendelea!" nikasema kutoka nyuma ya majani.

"Endelea, tunasikia migomba inaongea," akasema Tupokigwe. Huyu alikuwa kiongozi wa akina mama wa mfereji, mwenye kucheka kwa sauti na kufanya kazi kwa kimya. Kisha akawageukia wanaume, kwa kunitania tu: "Mnamwona fundi? Hajamwuliza mzee anakwenda wapi, ana hati gani, atarudi lini. Ameacha njia, basi."

Nilikuwa nimeinama, uso kwenye kanga, na siafu mmoja alikuwa ameshaingia ndani ya buti la kushoto. Labda ni siafu. Mwili mzima ukashtuka na maneno yakatoka.

"Basi na huyo Masingila ni mkwe!"

Sikuwaachia nafasi ya kucheka.

"Ni mkwe wa kila anayechota hapa. Anatoka mlimani, anapita kwenye mashamba yenu, anakwenda chini kwa Mama Subilaga. Hana kabichi. Hana pampu. Hataki kukaa kwenu. Anapita! Mnashindwa kumpisha?"

Nilimsikia baba mkwe akikohoa. Kwa kuwa hawezi kusema nami, alisema na Tupokigwe. "Mwambieni huyo aliye nyuma ya migomba. Mkwe huyo anapita asubuhi tu, au hata jioni?"

"Mwambieni mzee," nikajibu, "anapita mchana na usiku."

"Mwambieni basi, mkwe huyo anachosha."

"Mwambieni mzee, hata wengine wanachosha na tunawapisha."

Tupokigwe akashika kichwa. "Hilo silipeleki mimi."

Lakini lilikuwa limeshafika. Mzee alikohoa tena, kikohozi kirefu kilichoyumba katikati, na mpaka leo nasema kilikuwa kicheko ingawa mume wangu alikataa. Alipopata pumzi akasema: "Mwambieni sawa. Apishwe. Lakini asijipenyeze kwenye mfereji wangu. Apite njia yake."

Bwana Kheri aliruka kama aliyeumwa yeye. "Njia yake! Njia yake ni sakafu ya mto!" Akashika kijiti akachora kwenye tope. Tatizo la mabanio yote lilikuwa kwamba midomo ya mifereji ilichimbwa chini kuliko mto, kwa hiyo maji yakipungua, tone la mwisho linaingia mferejini. Tuinue kila mdomo, alisema, kwa kizingiti cha mawe mpaka kwenye ule mstari wa kijani. Maji ya chini ya mstari yatapita yenyewe, hayawezi kuingia hata yakiitwa. Yaliyo juu ya mstari ni ya mifereji. Mwaka mzuri mtapata tele. Mwaka mbaya mtapeana zamu, lakini mto utakuwa umeshapakuliwa. Hilo liandikeni popote mnapoandika siku hizi: fungu la mto si makombo ya kubaki mezani. Linatengwa kwanza.

Asajile aliitazama michoro, akaitazama migomba. "Haya. Tumpishe. Ila akikutana na kabichi zangu asiziguse."

Alhamisi na Ijumaa wanaume walibeba mawe, wanawake wakajaza magunia, na vizingiti vikapanda kutoka banio hadi banio. Ijumaa alasiri kizingiti cha mwisho kilikaa, na maji yakaanza kushuka kwenye mkondo uliokuwa umekauka.

Hapa nataka mnisikilize kuliko mahali pengine pote. Mto uliokauka haukimbii. Unakunywa kwanza. Kokoto zinakunywa, mchanga unakunywa, mashimo ya kaa yanakunywa. Tuliufuata Bwana Kheri nami, na ncha yake ilikuwa ulimi mdogo wa povu la kahawia, umebeba majani makavu na sisimizi walioshtukizwa, unalamba jiwe, unasimama, unafikiri, unazunguka. Mtu mwenye haraka angesema umekufa. Tulitembea nao kama watu wanaomfundisha mtoto hatua. Bwana Kheri alikuwa na chungwa mfukoni ambalo hakulimenya.

Jumamosi asubuhi tuliurudia pale tulipouacha, na tukakuta umerudi nyuma. Mawe yaliyokuwa yamelowa yalikuwa yanakauka mbele ya macho yetu.

"Unarudi, Fundi. Kwa nini unarudi?"

Nikasikiza. Juu, mbali, mke wa kwanza wa Asajile alikuwa ananguruma.

Tulipanda mbio, mabuti yakinitangulia. Asajile alikuwa kwenye kabichi, na mpira wa pampu aliuvusha kizingiti akauzamisha chini kabisa ya mkondo. Nilifungua mdomo, lakini sikuwahi. Tupokigwe na wenzake walikuwa wanavuka kidaraja na mikungu ya ndizi kichwani, wanakwenda sokoni.

"We Asajile!" akaita Tupokigwe. "Unamtazama mkwe usoni!"

"Tena amemshika shati!" akadakia mwingine.

"Mwambieni mkewe aone!"

"Jamani, nilitaka ule mstari mmoja tu wa kabichi unywe..."

"Mkwe njiani, yeye anataka mstari mmoja!"

Kicheko kile kilishuka bonde zima. Asajile alizima pampu. Alivuta mpira, akajifunika uso kwa kofia, akageuka kuelekea kabichi. "Nimegeuza shingo, akina mama. Nimegeuza. Nendeni sokoni!"

Nitakatisha hapa kidogo, maana mstaafu ana ruhusa hiyo, niwaambie yaliyokuja baadaye. Mpango uliandikwa ukapitishwa, na ndani yake Bwana Kheri aliandika maji ya mazingira, kama inavyotakiwa. Mtoni hakuna aliyelitumia neno hilo tena. Miaka ya ukame ilikuja, miaka ya mafuriko ilikuja, vizingiti vilibomoka vikajengwa upya, bei za mazao zilipanda na kushuka, na mabishano hayakuisha hata siku moja, ila yalikuwa mabishano ya watu wanaojua wanabishania nini. Bwana Kheri alihamishwa. Aliniandalia chai ya kuagana, akaniuliza kama kwetu kuna neno la kuaga wakwe. Nikamwambia hatuwaagi, tunajificha. Alicheka akafuta miwani kwa muda mrefu.

Lakini Jumamosi ile bado nipo njiani, natelemka na ulimi wa maji ulioanza kutembea tena. Uliyapita mawe uliyokwisha kuyalowesha kwa haraka, kisha ukaanza kulamba mapya, polepole, polepole, na kutoka ng'ambo ya kilima tukasikia mlio wa pikapu ikiingia uwanjani kwa Mama Subilaga. Bwana Kheri akainama akasogeza jani lililokuwa limekwama mbele ya maji.

"Hiyo si kazi ya mhandisi," nikamwambia.

"Sogeza na wewe upande wako."

Tukasogeza. Majani, vijiti, vifusi. Watu wawili wa serikali wakifagia njia kwa mikono. Tulipozunguka kona ya mwisho tukamwona. Alikuwa amekaa kwenye jiwe la kivukoni, amevaa nguo za safari, kitenge kipya, viatu amevishika mkononi. Alikuwa amekuja kuaga. Hakutuona, alikuwa anatazama kokoto kavu, na maji yakaja kwa nyuma yake, yakazunguka jiwe alilokalia, yakamgusa kisigino.

Hakuruka. Alitazama chini muda mrefu. Povu likapita katikati ya vidole vyake, likaendelea, likashuka kuelekea kwenye magimbi kama linalojua nyumba.

"Machafu," akasema hatimaye.

"Yatasafika, juba, mama yangu," nikamwambia.

"Najua yatasafika. Mimi ndiye mwenyeji hapa."

Akasimama, akapanda kilima na miguu inayodondosha maji, sisi nyuma yake. Uwanjani pikapu ilikuwa imepakiwa: kitanda, godoro, masufuria, kuku wawili kwenye tenga. Gwamaka alikuwa anakaza kamba kwa meno, na dereva anamsaidia.

"Nani amepandisha kitanda changu kwenye gari?" akauliza Mama Subilaga.

Gwamaka akaachia kamba. "Wewe mwenyewe, mama. Ulisema tupandishe. Asubuhi hii."

"Asubuhi nilikuwa sijashuka mtoni."

Gwamaka akanitazama mimi, akamtazama Bwana Kheri aliyekuwa na tope hadi viwikoni, akatazama nyayo zilizolowa zikikauka kwenye vumbi. Akafungua mdomo kubisha. Lakini dereva, mtu wa makamo ambaye pengine naye alikuwa na mama mahali fulani, alikuwa ameshashika mguu wa kitanda, anakishusha.